Kitanda Juu ya Kilima cha Makerere



Nimeombwa nizungumze juu ya historia ya wanawake katika vyuo vikuu vyetu. Nitazungumza juu ya vitanda.

Wanafunzi wa siku hizi mna neno lenu, kubebana. Msichana kapata nafasi ya kusoma, chumba hakupata, basi anapokewa na mwenzake mwenye kitanda. Wakati wangu neno hilo sikulisikia, lakini jambo lenyewe nalijua. Mwaka wangu wa kwanza wote nililala mzungu wa nne na dada mmoja wa mwaka wa tatu, kichwa changu miguuni kwake, kwenye kitanda cha chuma cha futi mbili na nusu. Sanduku langu la bati, lile mama alilolifunga kwa kamba ya katani, lilikaa uvunguni nyuma ya viatu vyake. Jioni mlezi wa bweni alipita na daftari, chumba kwa chumba, akihesabu vichwa. Nikisikia ndala zake kwenye korido, natoka na ndoo kama mtu anayekwenda kufua, narudi akishapita. Katika faili za ofisi ya udahili mimi nilikuwa mwanafunzi. Katika daftari la bweni sikuwapo.

Hapo ndipo nilipojua kwamba chuo kinaweza kumwandikia msichana barua nzuri yenye mhuri na bado kisiwe kimempokea. Kinampokea siku kinapomwonyesha mahali pa kulaza ubavu na kuandika jina lake. Tangu hapo, nikifika chuo chochote nauliza kwanza wasichana wanalala wapi, tangu lini, na nani aliamua.

Leo nauliza maswali hayo kuhusu Makerere. Kilima kile cha Kampala ni cha Waganda kwa ardhi, lakini kwa elimu ni chetu sote tuliozaliwa Tanganyika, Kenya, Unguja na Uganda. Kwa miaka mingi, aliyetaka elimu ya juu katika nchi hizi bila kuvuka bahari alipanda kilima hicho. Mwalimu Nyerere alikipanda mwaka 1943 kusomea ualimu, na akiwa mwanafunzi pale aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake. Alipofika, pale hapakuwa na mwanafunzi mwanamke hata mmoja.

Makerere ilianza mwaka 1922 na vijana 14 wa kutwa, wakifundishwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Kaulimbiu yao ilikuwa fupi: Na tuwe wanaume. Sidhani waliochagua maneno hayo walikusudia kumtukana mtu. Walichosema ni kile walichokiona, na walichokiona ni wavulana watakaokuwa makarani, matabibu na walimu wa serikali. Msichana hakukatazwa kwa sheria wala kwa tangazo mlangoni. Hakuna aliyekaa akamfikiria. Kufungiwa mlango kwa namna hiyo ndiko kugumu kuliko kote, kwa sababu hupati wa kumbishia.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1945. Wasichana sita walipanda kilima, na kaulimbiu ikaonekana mara moja kuwa vazi lisilomtosha mvaaji. Baadaye iliwekwa nyingine, ile inayotumika hadi leo, ya kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Sita si wengi, lakini watazameni walipotua na mizigo yao. Hapakuwa na bweni lililojengwa kwa ajili yao. Wakati huo Makerere ilikuwa tayari chuo cha kulala, mwanafunzi hakutoka mjini asubuhi na kurudi kwao jioni. Kwa hiyo hesabu ilikuwa nyepesi na kali: vitanda vya wasichana vikiwa kumi, wasichana ni kumi, hata kama waliofaulu ni hamsini. Ukitaka kujua kwa nini idadi yao ilipanda kwa kujikokota katika miaka ile ya mwanzo, usitazame mitihani peke yake. Hesabu na magodoro.

Mwaka huo wa 1945 una jambo jingine, la damu, na mabweni yote ya kilima yamelikalia. Chuo kilitaka kupanuka na ardhi ilikuwa ya Buganda. Watu waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa, kwamba ardhi ikishachukuliwa kwa ajili ya shule leo itachukuliwa kwa ajili ya Wazungu kesho. Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, aliisimamia sheria ya kuruhusu ardhi itwaliwe, na Lukiiko, bunge la Buganda, likaipitisha. Asubuhi iliyofuata, Septemba 5, alipigwa risasi nje ya kanisa kuu la Namirembe akienda kusali, akafa. Bweni la wanaume lililoitwa Northcote, kwa jina la Mwingereza, sasa linaitwa Nsibirwa. Nawataka wanafunzi wa Makerere, wake kwa waume, wajue kwamba udongo ulio chini ya vitanda vyao uligharimu uhai wa mtu.

Namirembe palikuwa na mtu mwingine anayetuhusu. Askofu wa Kianglikana wa Uganda tangu 1934 alikuwa Cyril Stuart, na mkewe, Mary Stuart, alikuwa mtetezi asiyechoka wa elimu ya wasichana. Bweni la wanawake lilipojengwa na kupewa jina, lilipewa jina lake. Naipokea heshima hiyo bila kinyongo, kwani aliyewasemea wasichana wakati wachache waliwasemea anastahili kukumbukwa. Lakini hebu someni majina ya mabweni makongwe ya kilima kile: Livingstone, Mitchell, Nsibirwa, Nkrumah, Lumumba. Mvumbuzi, gavana, katikiro, rais, waziri mkuu. Upande wa wanawake yupo mke wa askofu, na bweni la pili lililokuja baadaye likaitwa Africa, jina la bara zima. Wasichana waliokuwa wakilala humo walisoma udaktari, sheria na falsafa. Jina la mwanamke wa Kiafrika halikuonekana juu ya mlango wao.

Na sasa nimtaje mmoja.

Sarah Nyendwoha alizaliwa Hoima, Bunyoro, katikati ya miaka ya 1920. Alisoma Duhaga, akaenda King's College Budo, kisha akaingia Makerere akiwa miongoni mwa wasichana wa mwanzo kabisa. Alipenda hesabu. Aliingia darasa la hesabu, akakaa, na mwalimu alipomwona akakataa kufundisha mbele ya mwanamke. Hakusema msichana huyu hajui. Hakumpa hata swali moja ubaoni. Kosa la Sarah lilikuwa kuwapo. Ikabidi ayaache masomo aliyoyapenda akachukue mengine, na historia ikawa mojawapo.

Ninapofika hapa huwa nasita, hata baada ya kusimulia mara nyingi. Mimi ni mwalimu, na najua darasa linavyonyamaza mwanafunzi mmoja anapoaibishwa. Kalamu zinasimama na macho yanashuka kwenye madaftari. Jioni ile Sarah alirudi walikokuwa wakilala wenzake, na nashukuru kwamba alikuwa na pa kurudi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema bweni ni jengo tu la kulala. Aliyefukuzwa darasani mchana anahitaji chumba ambamo usiku hatafukuzwa.

Alikwenda Oxford, chuo cha St Anne's, akasoma historia na kumaliza mwaka 1954. Ndiye mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Akarudi nyumbani, akapangiwa kufundisha Gayaza, shule ya wasichana, na hapo akakuta kwamba mshahara wake utakuwa chini ya ule wa mwanamume mwenye shahada kama yake. Alijibu kwamba afadhali afundishe bure kuliko kupokea mshahara wa kumpunja. Na alifundisha. Jambo likafika kwa Gavana Andrew Cohen mwenyewe, na likarekebishwa. Baadaye aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda.

Watanzania mliopo hapa, huyu ni shemeji yetu. Aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji Mchagga wa Machame, aliyefundishwa sanaa Makerere na Margaret Trowell na kisha akafundisha hapo hapo. Tulipopata uhuru mwaka 1961, Sam ndiye aliyepelekwa London kuiwakilisha Tanganyika, na Sarah alikwenda naye. Mchagga mwingine, Elimo Njau wa Marangu, mchoraji pia na mwanafunzi wa kilima hicho hicho, alimwoa Rebeka, mwandishi kutoka Kenya, naye msomi wa Makerere. Nayataja haya kwa sababu tunapozungumzia Afrika Mashariki tunataja reli, posta na sarafu, tunasahau nyumba kama hizo ambamo mipaka ilivukwa chakulani kila jioni. Nyingi zilianzia kwenye ngazi za bweni la wasichana, kijana akisubiri nje na kofia mkononi mpaka mlinzi amwitie anayemtaka.

Bweni la Mary Stuart nalo wanafunzi walilibandika jina la utani: Box, yaani sanduku. Wakazi wake wakaitwa Boxers. Sikumpata mtu wa kunieleza kwa uhakika nani alianzisha jina hilo, lakini kwa mtu aliyekulia bwenini halihitaji maelezo. Sandukuni huwekwa kitu cha thamani, na sanduku huwa na kufuli. Mzazi wa Toro au wa Nyeri wa miaka ya 1950, aliyeambiwa bintiye aende akaishi mjini miaka mitatu bila shangazi wala bibi, alitaka kusikia jambo moja: nani atamlinda? Chuo kikamjibu kwa ukuta na lango, kwa saa za kuingia, kwa mlezi wa bweni mwenye daftari. Huyu ni mtoto wa watu, kilisema chuo, tutakurudishia salama. Bila ahadi hiyo wengi wasingeruhusiwa hata kupanda basi.

Nimewasikia vijana wakiucheka ukuta ule, kwamba kaka zao walitembea usiku kucha huku wao wakifungiwa saa za jioni. Wana haki. Ulinzi ule haukuwa sawa. Aliyehesabiwa kama kuku ni msichana, na yule aliyedhaniwa kuwa hatari kwake hakuhesabiwa. Lakini ndani ya sanduku mlitokea jambo ambalo walioweka kufuli hawakulitazamia. Joyce Masembe, ambaye baadaye tulimjua kama Joyce Mpanga, mbunge na waziri, alisoma Makerere katika miaka hiyo ya 1950, na kitabu cha maisha yake alikipa jina linalosikitikia kwamba hakuzaliwa mvulana. Wasichana wa kizazi chake walikuwa wamesikia masikitiko hayo utotoni, kila mmoja kwao, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Wakakutana kwenye korido moja, mmoja kutoka Busoga, mwingine kutoka ziwani Kenya, mwingine Kilimanjaro, wakichota maji ya moto kwenye bomba moja. Kilichokuwa aibu ya mtu mmoja kikawa mazungumzo ya usiku. Nimekaa katika korido za namna hiyo. Nusu ya yale ninayoyajua juu ya sheria ya ndoa niliyajua pale, nikiwa nimejifunga khanga na mswaki mkononi.

Miaka ilivyokwenda, ukuta ulilegea na maisha yakawa na utani wake. Mary Stuart na Lumumba, bweni la wanaume lililo jirani, waliungana wakajiita Lumbox. Africa na Livingstone wakawa Afrostone. Lumumba wana sanamu lao la chuma, Gongom, na Box wakampatia mwenzake, Gongomess. Ukisimama jioni kati ya majengo hayo mawili, korongo wale wakubwa wa Kampala wakiwa wametulia juu ya miti kama wazee barazani, utasikia kelele zinavyorushwa kutoka upande mmoja na kujibiwa upande wa pili. Kwa watu wa makamo wa Uganda, kutamka tu neno Lumbox kunatosha kuwarudisha ujanani.

Nipite haraka katika miaka ya karibuni. Mwaka 1990 Makerere iliamua kumwongezea kila msichana anayeomba nafasi alama 1.5, kwa kutambua kwamba amefika kwenye mtihani akiwa ameshateka maji, amelea wadogo na amepikia nyumba nzima. Idadi ya wasichana ikapanda kwa kasi. Wapo walioigeuza 1.5 hiyo kuwa kejeli ya kumtupia msichana darasani. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa haki, na nasema hivyo nikijua kwamba wapo rafiki zangu humu ndani wasiokubaliana nami. Kisha chuo kikaanza kupokea wanafunzi wa kujilipia, na vitanda havikutosha tena. Hosteli za watu binafsi zikaota Wandegeya na Kikoni, mitaa ya kando ya chuo, kama uyoga baada ya masika. Leo msichana mwenye uwezo analipia chumba chake, na asiye na uwezo anatafuta wa kumbeba, Kampala kama Dar es Salaam. Tumerudi kwenye hesabu ya magodoro.

Nimeruka miaka ya 1970 kwa makusudi. Sikutaka kuipita haraka.

Bweni la Africa ni la wanawake, dada yake Mary Stuart. Mwaka 1976, chini ya Idi Amin, mlezi wake alikuwa Theresa Nanziri Mukasa-Bukenya. Alikuwa pia mhadhiri wa Makerere, na somo alilofundisha ni hesabu. Nawaomba mlisikie hilo vizuri. Kwenye kilima ambako miaka thelathini nyuma mwalimu wa hesabu hakutaka kufundisha mbele ya mwanamke, sasa mwanamke ndiye aliyesimama ubaoni na chaki mkononi, na wavulana wakanakili.

Mapema mwaka huo mwanafunzi mmoja wa bweni lake, Esther Chesire, Mkenya, alikwenda uwanja wa ndege wa Entebbe ili arudi kwao. Alikamatwa pale pale, na hakuonekana tena. Machi, mwanafunzi wa sheria, Paul Serwanga, alipigwa risasi akafa Wandegeya, hatua chache tu kutoka lango la chuo, na wanafunzi wakaandamana. Kenya ilikuwa ikiuliza kuhusu binti yake. Serikali ikaunda tume ya uchunguzi, chini ya profesa mmoja wa jiografia wa pale pale chuoni.

Na nani angejua habari za msichana aliyetoka bwenini na asirudi? Watu walikuwa na hofu hata ya kutaja jina la aliyepotea. Nyumba nyingi Uganda ziliomboleza kwa siri miaka hiyo, bila maiti wala matanga. Lakini bweni la wanawake lilikuwa limejengwa, tangu siku ya kwanza, juu ya kazi ya kujua. Ile kazi tuliyoichukia usichanani mwetu, ya mama anayepita korido kwa korido kuhesabu vichwa, ndiyo iliyomfanya Theresa awe shahidi. Alijua Esther alikuwa wake. Alijua alitoka. Alijua hakurudi.

Alitakiwa aseme mbele ya tume, na walikuwapo waliotaka aseme wanavyotaka wao. Hakukubali. Juni 1976 alichukuliwa akauawa. Alikuwa mjamzito, mimba imekuwa kubwa.

Nimekuwa mlezi wa bweni kwa miaka kadhaa katika maisha yangu, na siku nilipokabidhiwa daftari nilimfikiria yeye. Daftari lenyewe ni kitu cha kawaida sana. Jalada gumu, kurasa zenye mistari, safu ya jina, safu ya namba ya chumba, safu ya saa ya kutoka na saa ya kurudi. Wasichana huandika haraka huku wakiongea na mtu mwingine, wino unachafuka, wengine huchora maua pembeni. Usiku, wote wakishaingia, mlezi hupitisha kidole kwenye safu ya mwisho akitafuta penye pengo. Akiliona hawezi kulala. Huvaa sweta, hushuka ngazi, humwuliza mlinzi, hugonga chumba cha rafiki yake: mtoto wa watu yuko wapi?

Mwezi Agosti askari waliingia chuoni, wakawapiga wanafunzi na kuwasomba. Chuo kikatikiswa vibaya, walimu wengi wakakimbilia Nairobi, Dar es Salaam na mbali zaidi. Sarah Ntiro naye aliishia uhamishoni Kenya, akarudi Uganda baadaye, na akaishi mpaka Oktoba 2018. Alipofariki, magazeti ya Kampala yalisimulia tena kisa cha darasa la hesabu.

Mwaka wa masomo uliofuata baada ya kifo cha Theresa, wasichana wapya walipanda kilima. Walikuja kutoka Mbarara, Gulu, Masaka na Mbale, na masanduku yao ya bati yakiwa yamefungwa kamba. Mama mwingine aliketi kwenye meza iliyo mlangoni pa bweni la Africa, akafungua daftari, akamwuliza wa kwanza jina lake.